Kichocheo cha chuma kilichokubali flaski fulani tu

Nitaanza na jibu ili nisimzungushe mtu. Kichocheo cha chuma kilichotengenezwa kwenye maabara ya chuo kimoja hapa Dodoma, ambacho kwa karibu mwaka mzima kilikuwa kinaunganisha pete mbili za benzini na kutoa mavuno ya zaidi ya asilimia 90, kilikuwa hakifanyi kitu. Kazi yote ilikuwa inafanywa na paladiamu, metali ya bei kubwa, na paladiamu yenyewe hakuna aliyeiweka. Kemia yake nitaieleza maana ni tamu, ila kinachonisukuma kukiandika kisa hiki ni kwamba maabara ile haikuwa ya watu wazembe, daftari walikuwa nalo, kontroli (jaribio la kulinganisha) waliifanya, supavaiza anaijua kazi kuliko wengi wetu, na bado waliamini kitu ambacho hakipo mpaka pepa ikawa imeshatumwa jono.

Majina nayaacha. Nitasema Dokta tu, na mwanafunzi wake wa masta nitamwita binti. Mi nafundisha kemia pia hapahapa mjini, niliingia kwenye hii habari baada ya Dokta kunipigia simu akasema kaka njoo uniangalizie kitu, kuna mdudu kwenye kazi yangu simwoni.

Dokta alifanya PhD yake Ujerumani kwa watu wa ogani-metali, yaani wale wanaotengeneza misombo ambayo kaboni imeshikana na metali moja kwa moja. Miaka yote ya kule kazi yake ilikuwa kutengeneza ligandi za fosfini, yaani molekuli zinazoishika metali na kuiongoza, kuzifunga kwenye paladiamu, alafu kupima zinavyoendesha muungano wa Suzuki. Kwa asiyeujua, huu Akira Suzuki na Norio Miyaura waliutoa 1979 kule Hokkaido, Japani, na Suzuki akapata Nobel 2010 pamoja na Richard Heck na Ei-ichi Negishi. Unakwenda hivi: unayo molekuli yenye pete ya benzini na bromini, unayo nyingine yenye pete na boroni, hizi mbili peke yake utazichemsha mpaka kesho na hazitashikana. Ukiweka paladiamu kidogo, atomu ya paladiamu inajipenyeza katikati ya kaboni na bromini, bromini inaondoka inampisha mgeni anayetoka kwenye boroni, sasa metali imeshika pete mbili kwa pamoja, inazisogeza, zinaungana, yenyewe inatoka huru inaenda kutafuta bromidi nyingine. Atomu moja inaweza kurudia huo mzunguko mara maelfu, hali ikiwa nzuri hata mamilioni. Hapo kwenye mamilioni pakumbuke, ndo palipomponza Dokta.

Na siyo mchezo wa maabara tu. Losartan, hivi vidonge vya presha ambavyo wazee wetu wengi wanavimeza, Merck walibuni njia ya kuvitengeneza miaka ya 1990 iliyopitia kwenye muungano huu. Boscalid, dawa ya ukungu ya BASF inayotumika kwenye mizabibu na mazao mengine, nayo kiwandani inatengenezwa kwa kuunganisha pete mbili kwa Suzuki. Hii ya mwisho ndo ilimvuta Dokta, maana ukiishi Dodoma huwezi kukwepa habari za zabibu, nenda Hombolo au Mpunguzi wakulima wanakuonesha majani yaliyopigwa ubwiri, akajisemea kama kuna mahali pa kufanyia kemia hii ni hapa.

Aliporudi alikuta hali tunayoijua wengi. Glavuboksi, lile sanduku la kufanyia kazi bila hewa, hakuna. Naitrojeni inatoka Dar kwa lori, mtungi ukiisha unaweza kukaa wiki unausubiri, umeme ukikatika pampu ya vakyumu inanyamaza na ile THF (kiyeyushi) uliyokuwa unaikausha kwa sodiamu na benzofenoni, ile buluu nzuri inayokwambia maji yameisha, inaanza kufifia huku unaiangalia. Kuna mazuri pia, mwezi wa nane hewa ya huku imekauka mpaka midomo inapasuka na riaksheni ya Grignard, ile ya kutengeneza misombo ya magnesiamu, inaanza yenyewe bila kuibembeleza na ayodini. Na tuko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, maji yanachemkia kwenye 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo ukisoma pepa ya mtu wa Hamburg kasema kachemsha masaa mawili, wewe ongeza muda kidogo.

Kitu kingine, alikuja na sanduku la vyombo. Kundi lake la Ujerumani lilikuwa linahama jengo, wakamwambia chukua unachotaka, akabeba flaski za Schlenk, kondensa, na mfuko wa visumaku vya kukorogea, vile vilivyovishwa Teflon. Kwa maabara ambayo wanafunzi walikuwa wanagombania bika, hiyo ilikuwa neema.

Sasa paladiamu. Machi 2022 bei yake ilipita dola 3,000 kwa aunsi, na hiyo ni metali sokoni, chumvi zake kwenye vichupa vidogo vya gramu moja unalipa zaidi ya hapo kwa uzito uleule, bado usafiri, bado kibali. Dokta akafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya, akahamia metali ya bei rahisi. Chuma. Na siyo kwamba alikuwa anaota, chuma kina historia yake kwenye miungano, Jay Kochi alionesha 1971 kwamba chumvi ya chuma inaweza kuunganisha Grignard na halidi za vinili, na tangu hapo watu wameendelea nayo. Akaandika proposo, kichocheo cha chuma, ligandi ya saleni inayotengenezwa kwa salisilaldehaidi na ethilinidiamini ambazo zinapatikana, kiyeyushi ni ethanoli na maji, hewa ya kawaida bila naitrojeni. Fedha zikatoka. Ukiangalia ile proposo kwa jicho la leo utaona kila kitu humo kilikuwa kinaomba jibu liwe ndiyo.

Na jibu likawa ndiyo. Binti aliweka 4-bromoasetofenoni, asidi ya fenilboroni, kabonati ya potasiamu, ethanoli na maji, kipunje cha kile kichocheo cha kahawia, akachemsha na kondensa, jioni akachovya pleti ya TLC, ile inayotenganisha misombo iwe madoa, na chini ya taa ya UV bromidi yote ilikuwa imeondoka, doa jipya limekaa peke yake. NMR, mashine ya kusoma umbo la molekuli, ikakubali. Wakarudia, ikakubali. Wakaanza kubadilisha bromidi moja baada ya nyingine kujaza jedwali, na jedwali likajaa.

Kwenye kontroli hapa naomba msomaji atulie maana ndipo palipo na kiini. Kontroli ilifanyika. Kuna kijana wa mwaka wa tatu alikuwa anafanya projekti yake pale, akapewa kazi ya kufanya riaksheni bila chuma, kila kitu kingine vilevile. Akafanya, ikatoka sifuri. Sifuri safi. Ikaandikwa kwenye daftari, ikaingia kwenye jedwali la pepa, na baada ya hapo hakuna aliyeiuliza tena swali, kwa nini uiulize, chuma ukiweka inaenda, chuma ukitoa haiendi, ushahidi gani mwingine unautaka.

Pepa ikatumwa. Wakati inasubiri wakaguzi binti akaanza sehemu ya pili, na riaksheni ikafa. Ileile iliyokuwa inakwenda bila shida. Siku moja inatoka nusu, siku nyingine haitoki kabisa, alafu ghafla inatoka yote. Akasema labda kichocheo kimeharibika, akatengeneza kipya, kikafa. Akabadilisha chupa ya kabonati, ikafa. Asidi ya boroni akaisafisha upya, ikafa. Dokta naye akaingia mwenyewe maabara, akafanya kwa mkono wake, ikatoka asilimia 90! Binti akafanya palepale pembeni yake, sifuri. Unaweza kufikiri binti alijisikiaje. Dokta kwa kweli hakumlaumu, ila wengine kwenye korido walishaanza, si unajua watu, ooh mikono ya mtu, ooh kuna watu kemia haiwapendi.

Ndipo nikaitwa.

Kabla sijagusa chombo nilisoma jedwali la pepa. Ayodidi zinakwenda haraka. Bromidi zenye kundi linalovuta elektroni, asetili, naitro, siano, zinakwenda vizuri. Bromidi yenye methoksi inajikokota. Kloridi, zero, hata moja haikwenda. Mi nilivyoiona ile orodha nikamwambia Dokta, kaka hii tabia wewe umeisoma Ujerumani miaka yote ile, hii ni paladiamu isiyo na ligandi nzuri. Akacheka kwa hasira, akasema paladiamu itoke wapi, humu ndani hakuna hata kichupa. Kitu cha pili kilikuwa kwenye picha za binti mwenyewe, picha za simu, flaski baada ya nusu saa: mchuzi umekuwa na tope la rangi ya kutu chini. Ukichemsha chuma na kabonati kwenye maji mara nyingi ndicho unachopata, hidroksidi, kutu. Kwenye pepa walikuwa wameandika kwamba kile kichocheo ni chanzo tu, kinachofanya kazi ni kitu kinachozaliwa humo ndani. Sawa, inawezekana, ila sentensi ya namna hiyo inaweza kubeba chochote.

Nikauliza, daftari linasema flaski ipi na kisumaku kipi kilitumika kila siku? Halisemi. Na hapa simlaumu binti, nani anaandika kisumaku? Daftari langu mwenyewe haliandiki. Riejenti unaandika chupa, kampuni, loti, kisumaku unachomoa tu kwenye droo.

Aliyekuwa anaandika alikuwepo. Mzee wa stoo ya maabara, mtu wa Mvumi, amekaa pale kabla ya wengi wetu, ana kaunta buku la kuazimia vyombo na hakupi hata tyubu bila kusaini. Tukaenda. Shikamoo mzee. Marahaba wanangu, mbukwenyi, karibuni. Binti akamweleza, mzee akasikiliza, akafungua kitabu, akaanza kusoma kwa kidole: tarehe, jina, flaski ya mililita 50, kisumaku. Na pembeni ya kisumaku, kwa sababu yeye vyombo vyake anavijua kwa sura, ameandika "cha zamani, kijivu" au "kipya". Tukampa tarehe za riaksheni zilizofaulu. Cha zamani, cha zamani, cha zamani. Tarehe zilizokufa: vipya. Katikati ya muhula vile vya zamani vilichukuliwa kwenye praktiko ya mwaka wa kwanza, binti akapewa vipya vilivyotoka Dar, vyeupe pee. Siku zingine kimoja cha zamani kilirudi, akakipata, ikakubali. Dokta yeye kisumaku chake alikuwa nacho mezani kwake muda wote, kutoka kwenye lile sanduku. Na yule kijana wa mwaka wa tatu? Kontroli yake aliifanyia kwenye kichupa kidogo kwa sababu hotpleti kubwa ilikuwa na foleni, na kisumaku kidogo cha kuingia kwenye kichupa kilikuwa kimoja tu, kipya.

Mzee akaongeza kitu ambacho nadhani kilimchoma Dokta kuliko vyote, akasema, hivi vyenu vya Ulaya mimi nimevisugua kwa sabuni, nimevichemsha na asidi, ile rangi ya kijivu haitoki, nikajua ndivyo vilivyo.

Tulivipiga picha kwa simu kupitia lenzi ya sonara. Ncha za kile kisumaku, pale panapokwaruza kioo kikizunguka, Teflon imechimbika vimfereji vidogo na ndani ya vimfereji kuna vidoa vyeusi. Miaka yote kile kisumaku kilizunguka kwenye supu za paladiamu Ujerumani, na paladiamu ikimaliza kazi huwa inaanguka kama unga mweusi, ule unga ukaingia kwenye mikwaruzo ukakaa. Ni kinu kilichotwangiwa pilipili, kesho ukitwangia karanga zinawasha na kwenye karanga hujaweka kitu.

Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi mno, la asubuhi moja. Flaski nne mpya, kabonati chupa ileile, kila kitu kilekile. Ya kwanza kisumaku cha zamani na chuma, ya pili cha zamani bila chuma, ya tatu kipya na chuma, ya nne kipya bila chuma. Mchana tukachovya pleti. Ya kwanza imekwenda. Ya pili, isiyo na chuma hata chembe, imekwenda. Ya tatu na ya nne bromidi imekaa palepale ilipoachwa. Binti aliangalia pleti ya pili muda mrefu alafu akasema, kwa hiyo Dokta mimi nilikuwa naweka kutu kwenye riaksheni. Dokta akasema ndiyo mwanangu, tulikuwa tunaweka kutu.

Hapo wengi wangeishia, Dokta hakuishia, na hapa ndo unaona mtu aliyefunzwa. Flaski nne zinakwambia tatizo liko kwenye kisumaku, hazikwambii ni paladiamu. Wakachukua baadhi ya vile vya zamani wakavilaza kwenye aqua regia, asidi hidrokloriki tatu kwa nitriki moja, ndani ya fyumu hudi usiku mzima, wakavisuuza, wakarudia riaksheni: kasi ikashuka sana, ila haikufika sifuri, maana kilichojificha ndani ya mkwaruzo asidi haikifikii chote. Asidi yenyewe waliikausha wakatuma masalia Afrika Kusini kwa mwenzake mwenye ICP-MS (mashine inayopima hata chembe ndogo za metali), jibu likarudi paladiamu ipo, na nikeli kidogo. Mwisho wakafanya kinyume, kisumaku kipya, hakuna chuma, wakadondoshea tone la asetati ya paladiamu iliyozimuliwa sana, ikakimbia, na jedwali la nani anakwenda na nani hakwendi likatoka lilelile. Kuna mtu alipendekeza wafanye pia kipimo cha zebaki, kile cha kuweka tone la zebaki uone kama riaksheni inasimama. Mi nilipinga, zebaki inashika vitu vingi zaidi ya kile unachokitafuta, imeshaoneshwa kwamba hata misombo iliyoyeyuka inaharibiwa nayo, alafu ukimaliza unaimwaga wapi.

Sasa, Dokta siyo wa kwanza wala wa kumi. Mwaka 2003 kundi la Nicholas Leadbeater lilitoa Suzuki isiyo na metali yoyote ya mpito, kwenye maji, kwa maikrowevu, na 2005 wao wenyewe wakarudi wakasema jamani tumeipima ile kabonati ya sodiamu ya dukani, ina paladiamu hadi kiwango cha sehemu 50 kwa bilioni na hiyo ndiyo iliyokuwa inafanya kazi. Sehemu 50 kwa bilioni ni gramu 1 ndani ya tani 20 za kabonati. Mwaka 2009 Stephen Buchwald na Carsten Bolm walionesha kwamba baadhi ya riaksheni zilizosifiwa kuwa za kloridi ya chuma ziliendeshwa na shaba iliyojificha ndani ya hiyo kloridi, na mwaka huohuo kundi la Robin Bedford wa Bristol likatoa onyo kuhusu hichihichi cha Dokta, Suzuki ya chuma. Mwaka 2019 kundi la Valentine Ananikov, Moscow, wakaweka visumaku vya kukorogea chini ya hadubini ya elektroni, wakakuta metali zimenasa kwenye mikwaruzo na wakaonesha kwamba kisumaku kilichotumika kinaweza kuendesha Suzuki peke yake. Na baada ya hayo yote, 2021, jarida kubwa kabisa likachapisha Suzuki ya kuendeshwa na amini bila metali, maabara zingine zikairudia, ikaonekana paladiamu iliyotumika kutengenezea ile amini ilibaki humo, pepa ikafutwa mwaka huohuo.

Dokta hizi pepa karibu zote alikuwa amezisoma. Hili ndo linanishughulisha. Alikuwa na onyo la Bedford kwenye marejeo yake, na alilitendea haki kwa namna alivyolielewa: alinunua chumvi ya chuma safi ya bei mbaya na akabadilisha kabonati, yaani alikagua kila kitu kinachotoka kwenye chupa yenye lebo. Ambacho hakukagua ni vitu ambavyo havina lebo. Na nadhani kwa maabara zetu hapa ndipo penye hatari kuliko huko kwa wenzetu, wao kisumaku kikizeeka kinatupwa na kontroli inafanyika kwenye vichupa vya kutumia mara moja, sisi chombo kinaishi miaka kumi na tano, kimetoka kwa msaada, kimepita praktiko, kimepita projekti za watu wa maji, kimepita kwa mtu wa madini, historia yake hakuna aliyenayo ila mzee wa stoo. Kontroli kwetu inatakiwa ifanyike kwenye chombo kilekile, kisumaku kilekile, hotpleti ileile, na mtu yuleyule, siyo kwa mwanafunzi mwingine pembeni eti kwa kuwa ni ile isiyotoa kitu. Kuna tabia ya kuona kontroli ni kazi ya kumpa mdogo. Mi naona kontroli ndo ilitakiwa ifanywe na Dokta kwa mkono wake, na kama angeifanya kwa kile kisumaku chake cha mezani angeliona hili wiki ya kwanza.

Habari ya pepa. Ilikuwa bado kwa wakaguzi. Watu kazini walimshauri aiache, wakaguzi wakiona wataikataa wenyewe, wasipoona basi Mungu kapenda, na alikuwa anaihitaji kweli, hesabu za kupanda mhadhiri mwandamizi zilikuwa zimekaa kwenye ile pepa. Akaandika kwa mhariri aiondoe, akaeleza sababu kwa mistari michache. Mhariri akajibu kwa adabu. Maoni ya mkaguzi mmoja yalikuwa yameshafika, Dokta akanionesha, mkaguzi alikuwa amesifia kazi na kuomba tu mfano mmoja zaidi wa naftalini. Yaani ingepita. Ingepita alafu mtu wa India au Brazili angeirudia kwenye flaski safi akapata sifuri, angeandika barua pepe, na barua pepe za namna hiyo zinafuata jina la mtu mpaka kustaafu. Cheo kimechelewa, hilo ni kweli na halina cha kulipamba.

Ambacho sikukitarajia ni alichofanya na yale matokeo. Wiki kama mbili alikuwa kimya, alafu akanipigia akiwa na furaha ya ajabu, akasema kaka, sisi tulikimbia paladiamu kwa sababu ni ghali, lakini hesabu ya ughali tuliipiga kwa kipimo cha Ujerumani. Akanitumia namba. Gramu 1 ya asetati ya paladiamu, ukitumia kipimo cha kawaida cha asilimia 1, inatosha riaksheni kama 445 za milimoli 1. Ukishuka mpaka sehemu 50 kwa milioni, ambayo kile kisumaku kichafu kilionesha kwamba kwa bromidi rahisi inawezekana kabisa, gramu hiyohiyo inatosha zaidi ya riaksheni 89,000. Kichupa kimoja ni maabara nzima mpaka tustaafu. Na kuna faida nyingine, kwenye dawa za kumeza kikomo cha kimataifa cha paladiamu ni mikrogramu 100 kwa siku kwa mgonjwa, viwanda vinahangaika kuisafisha itoke, sasa kama umeweka kidogo tangu mwanzo kazi ya kusafisha imepungua. Binti akabadilisha kichwa cha tasnifu, kikawa juu ya paladiamu ya kiwango cha chini kabisa kwenye ethanoli na maji, na sura nzima ya pili ni kile kisa cha visumaku, pamoja na picha za kaunta buku la mzee (mzee kashukuriwa ukurasa wa mbele, alinunua soda siku hiyo).

Tukibishana kidogo na Dokta ni hapa: yeye bado anasema chuma hakikuwa bure kabisa, kwa sababu kwenye vile visumaku vilivyooshwa na aqua regia, flaski yenye chuma ilikuwa inatoa kidogo zaidi ya isiyo na chuma. Mi naona tofauti ile ni ndogo, na visumaku viwili vilivyooshwa siyo pacha, huwezi kujua kipi kimebaki na nini. Namwambia aache. Haachi.

Kloridi ndo zilizobaki, na boscalid bila kloridi huifiki, maana kiwandani wanaanzia kwenye kloridi kwa sababu ni rahisi kuliko bromidi. Paladiamu kidogo bila ligandi nzito haizigusi. Kwa hiyo sasa hivi Dokta kaanza nikeli, ambayo kloridi inaziweza na imejulikana hivyo tangu miaka ya 1990, na ni metali ya kwetu pia, ile krisopraso ya kijani ya Haneti rangi yake inatokana na nikeli. Nilipokwenda kumwona mara ya mwisho nikamkumbusha ya Karl Ziegler pale Mülheim: alikuwa anakuza minyororo ya ethilini kwa alumini, siku moja ikakataa, ikaishia kwenye buteni, wakatafuta sana mpaka wakakuta ni vumbi la nikeli lililotoka kwenye chuma cha chombo chenyewe cha mgandamizo, na kulifuatilia hilo ndo 1953 wakafika kwenye kichocheo cha titaniamu cha polithini, Nobel ikaja 1963. Dokta akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono kwenye droo akatoa spatula, akaiweka mezani. Stenlesi. Stenlesi ya kawaida ina nikeli kama asilimia 8, na spatula zote za maabara ile ni hizo. Ameshaagiza za plastiki, na mpaka zifike binti anapimia kloridi kwa kijiti cha kioo, kontroli zote anafanya Dokta mwenyewe.